Siku Niliyochagua Taa na Baba Mkwe

Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa tulipanga nyumba ya vyumba viwili pale Bariadi mjini. Mume wangu aliichukua bila hata kuchungulia choo, kwa sababu ilikuwa na umeme. Ilikuwa na balbu tatu, soketi moja, na swichi ya sebuleni iliyotaka kubonyezwa kwa kidole gumba na kwa nia thabiti. Siku hizo mkoa wetu ulikuwa Shinyanga. Simiyu tulilijua kama jina la mto tu. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, maduka yalijaa vitu ambavyo tulizoea kuvisikia kwa watu waliofika Mwanza, na mume wangu mwenyewe alikuwa karani wa mizani katika mojawapo ya kampuni za watu binafsi zilizoruhusiwa kununua pamba. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Tulijiona watu wa kisasa kweli kweli.

Tatizo ni kwamba mume wangu aliusifia ule umeme kwao Zagayu kupita kiasi. Alimwambia baba yake kwamba kwetu ukibonyeza ukutani, jua halizami. Hakumwambia habari ya mgao. Umeme ulikuja ulipotaka, ukaondoka bila kuaga, na ulipenda sana kuondoka kwenye saa moja jioni, sufuria ikiwa jikoni. Tulikuwa na mishumaa, lakini panya waliipenda kuliko sisi. Asubuhi moja nilikuta mshumaa mzima umegugunwa mpaka utambi. Basi mume wangu akatengeneza koroboi kwa kopo la maziwa, na kila tulipolitumia tuliamka na masizi puani kama mafundi wa mkaa.

Mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa, baba mkwe akaja. Alikuja juu ya lori la pamba, na kuku jike mmoja, kifurushi cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na shavu lililovimba. Alikuja kung'oa jino. Jino lilitoka siku hiyo hiyo hospitalini, na sisi tukadhani kesho yake atageuza. Lakini alipoulizwa safari akasema bado hajauona umeme.

Nieleze kidogo tulivyokuwa. Mimi ni wa Sola, upande wa Maswa, na kwetu kama kwao mke wa mtoto hamzoei baba mkwe. Huli naye, hukai naye mkeka mmoja, humpiti mbele, na ukiongea naye unaongea ukiwa umepiga magoti au umesimama mlangoni. Nilikuwa nimemwona mara tatu tu tangu nifahamiane na mwanawe. Nilimwogopa. Tena nilikuwa na sababu ya ziada: ndoa ilikuwa imetimiza mwaka na tumbo langu lilikuwa bapa. Moyoni nilijua jino ni kisingizio. Mzee ametumwa kuja kuangalia.

Jioni ile ya kwanza umeme ulikuwepo. Mume wangu akamkalisha baba yake chini kabisa ya balbu, kama mtu anayepigwa picha, akabonyeza swichi kwa ule ustadi wake. Balbu ikawaka. Nilikuwa mlangoni na birika la maji ya kunawa na beseni. Nikaingia, nikapiga magoti, baba akanyoosha mikono, nikaanza kumimina, na umeme ukakatika.

Mtu mwenye akili angeacha kumimina. Mimi, kwa woga, niliendelea kumimina pale nilipodhani mikono ipo. Haikuwepo. Alikuwa ameshaiondoa akitafuta fimbo yake. Birika zima la maji, ya uvuguvugu kwa bahati, likaishia mapajani mwake.

"Gashi!" nikamsikia akishangaa kwa Kisukuma, kama mtu anayesema "kumbe!" Halafu, kwa sauti ya upole kabisa, akamwambia mwanawe gizani: "Mwanangu, huyu mkeo ananiogesha."

Nilikimbilia jikoni, nikakaa juu ya kinu, nikajifunika uso kwa kanga. Nilimsikia mume wangu akitafuta kiberiti na kuangusha vitu. Chakula walikula kwa mwanga wa koroboi, mzee akiwa amevaa suruali ya mwanawe iliyomwishia chini kidogo ya magoti. Mimi sikuingia tena. Nilikula jikoni peke yangu nikipanga namna ya kurudi kwetu Sola.

Asubuhi mume wangu alikuwa anawahi Nkoma kununua pamba, na hakutarajia kurudi kabla ya Jumamosi. Akiwa anafunga kamba za viatu akanipa hela na kusema, "Katafute taa. Taa ya maana. Nendeni na baba."

"Niende na baba? Mimi na baba?"

"Ndiye aliyelowa."

Nikamwambia haiwezekani, nitasema nini njiani, watu watasema nini. Akasema mzee mwenyewe ndiye ametaka, kwamba hamwamini mtu yeyote kununua kitu asichokijaribu, na nikitaka nikabishane naye. Lori likapiga honi. Akaondoka, akaniacha nimesimama na zile hela mkononi.

Tukaenda. Yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma kama hatua kumi, na kikapu. Aliposimama kutazama kitu, nami nilisimama. Aliposalimiana na mtu, nami niliinama kule nyuma nikasalimia. Tulipopita karibu na mashine ya kusaga, jirani yangu mmoja aliacha debe lake la mahindi, akanijia mbio akiwa na uso wa huruma.

"Jamani, mwalimu, anakurudisha kwenu?"

"Tunaenda kununua taa," nikasema.

Hakuniamini. Nilimwona akitusindikiza kwa macho mpaka tukapinda kona.

Duka tuliloingia lilikuwa la mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye zamani alikuwa akiuza vitumbua pale pale barazani. Biashara zilipofunguliwa akaanza kufuata mzigo Mwanza, akajenga rafu hadi darini. Alikuwa na kila kitu: thermosi zenye maua, saa za ukutani zenye sura ya jogoo, mabetri, madumu. Taa zilikuwa ukuta mzima. Chemli nyekundu na za bluu zilizoning'inizwa kwa vishikio vyake, karabai mbili ndani ya makaratasi ya nailoni, tochi za betri mbili na za betri tatu. Na katikati, juu ya kitambaa cheupe kama keki ya harusi, palikuwa na taa ya kuchaji.

Ilikuwa nyeupe, ina mpini, ina vijiti viwili virefu vya mwanga, na upande wa pembeni kitaa chekundu. Nilipoiona tu nikajua ninataka hiyo. Nilijiona nayo mezani, nikisahihisha madaftari bila moshi, bila masizi, majirani wakiuliza bei.

Mama mwenye duka aliona macho yangu. Akaishusha, akabonyeza kitufe, na taa ikapiga king'ora cha kutisha, kitaa chekundu kikimetameta. Mbuzi aliyekuwa barazani akatoka mbio.

Baba mkwe hakushtuka. Alisubiri kelele iishe, akasema, "Inalia. Je, inaangaza?"

Mama akabonyeza pengine. Vijiti vikawaka, weupe mtupu, hata mchana ule.

"Inakula nini?" baba akauliza.

"Umeme, mzee wangu."

"Umeme ule ule uliokatika jana nikaogeshwa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama mwenye duka, ambaye hakujua kisa, akaeleza kwa uvumilivu: umeme ukiwepo unaichomeka, inakula, umeme ukikatika, inatumia kile ilichokula.

Baba akaifikiria. "Sawa. Kwa hiyo inacheua," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona ameanza kuiheshimu. Akaiinua, akaipima uzito kwa mkono mmoja kisha mwingine. Akaigonga chini. Akainusa. Nimewahi kumwona baba yangu mwenyewe akinunua ng'ombe mnadani, na ilikuwa vile vile, ilibaki tu kuifungua mdomo ahesabu meno.

"Inacheua muda gani?"

"Saa sita. Imeandikwa hapa kwenye boksi."

"Aliyeandika alikaa nayo?"

"Ameandika wa kiwandani, mzee."

"Mimi sinunui ng'ombe wa maziwa bila kumkamua. Iwashe. Tutakaa."

Mama mwenye duka akanitazama, nami nikatazama sakafu. Ilikuwa yapata saa tano asubuhi.

Nadhani angekuwa muuzaji mwingine angetufukuza. Huyu alicheka mpaka akafuta machozi, akasema leo atafanya biashara ya kwanza ya namna yake. Lakini mwanga wa mchana ulikuwa mkali, taa haikuonyesha kazi yake. Baba akatazama huku na huku, akaona katoni kubwa tupu iliyokuja na thermosi. Akaagiza ilazwe ubavu juu ya kaunta, taa iwekwe ndani, na mlango wa katoni ufunikwe kwa kanga. Halafu akaomba ungo na mchele kidogo.

"Mayu," akaniambia. Hilo ndilo neno la mama kwa Kisukuma, na ndivyo mzee anavyomwita kwa heshima mke wa mwanawe. Ilikuwa mara ya kwanza ananielekea mimi moja kwa moja. "Ingiza kichwa humo, uchambue mchele. Ukiona mawe, taa inafaa. Na ukae. Utasimama saa sita?"

Nikakaa, mwalimu mzima wa serikali, juu ya katoni za sabuni, kichwa changu ndani ya boksi, kanga imening'inia mgongoni. Yeye alikaa kwenye stuli upande wa pili, amenigeuzia bega kama desturi inavyotaka. Nilichambua. Mawe niliyaona, hata yale madogo yaliyofanana na mchele wenyewe.

"Naona, baba," nikasema kutoka ndani ya boksi.

"Bado mapema."

Wateja waliingia na kutoka. Kila mmoja aliuliza, na mama mwenye duka alijibu kila mmoja kwa furaha inayozidi. Mwanafunzi wangu mmoja alikuja kununua chumvi, akaitambua sauti yangu, akaniamkia, "Shikamoo mwalimu," akiiambia ile katoni. Nikaitika, "Marahaba." Nifanyeje?

Sasa, kuna jambo la ajabu kuhusu kukaa kichwa ndani ya boksi. Humwoni mtu, naye hakuoni. Sijui kama ni hilo lililomlegeza yeye au mimi. Lakini baada ya kama saa nzima, baba mkwe akaanza kuongea. Aliongea kuhusu pamba, kwamba wanunuzi sasa ni wengi na kila mmoja ana mizani yake inayosema lake. Akaniuliza kama mizani ya mwanawe inasema kweli. Nikajibu kwamba mwanawe ndiye karani pekee anayerudi nyumbani akilalamika kwamba bosi amemkasirikia. Akacheka kidogo puani.

Akaniuliza kuhusu shule. Nina watoto wangapi darasani? Nikamwambia. Akasema hilo si darasa, hilo ni zizi. Nikacheka kwa sauti kabla sijakumbuka ninacheka na nani.

Nikasikia fimbo yake ikikwaruza sakafu.

"Mayu, mama yenu alinituma neno moja nije kukuuliza."

Mkono wangu ukasimama katikati ya ungo.

"Nimelibeba tangu Zagayu," akaendelea. "Nilipofika nikasema nitalisema kesho. Jana umenimwagia maji, nikasema basi, hata kesho siyo. Sasa nimeamua sitalisema kabisa. Nikirudi nitamwambia nimesahau. Atanigombeza, nimezoea."

Nilibaki nimeinama mle ndani, macho yamejaa machozi, nayaangalia mawe matatu niliyokuwa nimeyatenga pembeni. Hatimaye nikasema, "Asante, baba."

"Taa vipi?" akauliza haraka, kama mtu anayefunga mlango.

"Inaangaza, baba."

Mchana umeme ukarudi ghafla. Redio ya jirani ikapiga kelele, na balbu ya dukani ikawaka juu ya vichwa vyetu katikati ya jua kali. Baba akainua uso, akaitazama. "Ndiyo huo?" akauliza. Mama mwenye duka akasema ndiyo. "Haya," akasema baba, akarudi kuiangalia katoni yake. Umeme ambao jana aliuona kwa dakika moja tu sasa ukawa umeonwa, na habari yake ikaisha hapo.

Yapata saa nane kasoro robo niliona mchele umeanza kuwa wa manjano. Nikadhani ni macho yangu. Baada ya muda mfupi sikuweza tena kutofautisha jiwe na punje, na ilipogonga saa nane vijiti vikabaki na wekundu kwenye ncha, kisha giza. Nikatoa kichwa, nywele zimevurugika, shingo imekauka.

"Imekufa, baba."

"Saa tatu," baba akamwambia mama mwenye duka. "Boksi lako limesema sita."

Mama akajitetea kwamba haikuwa imeshiba, kwa sababu jana umeme ulikatika mapema. Baba akakubali kwamba hilo ni neno la haki, halafu akasema ndiyo hofu yake hasa: siku umeme ukikosekana siku mbili tatu mfululizo, hii taa itacheua nini? Akanyoosha fimbo kuelekea zile chemli. "Ile pale haimwombi mtu ruhusa. Mafuta na utambi. Tuchukue ile."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka najishangaa. Nilisimama mbele ya baba mkwe wangu, sikupiga magoti, nikasema, "Baba, mimi nataka hii."

Mama mwenye duka akaacha kupanga pesa zake.

"Iliyokufa?" akauliza baba.

"Ndiyo. Saa tatu zinanitosha. Mgao wa mtaa wetu ni siku moja upo, siku moja haupo, kwa hiyo siku moja itakula, siku ya pili itatumika. Giza linaingia saa moja, saa nne nimeshalala. Na chemli inanifanya nitoke machozi nikisahihisha madaftari. Nimesahihisha kwa chemli tangu chuo, macho yangu nayajua."

Nilishagundua kwamba nimeharibu kila kitu, ndoa na heshima ya wazazi wangu Sola.

Baba akamgeukia mama mwenye duka. "Umesikia? Nani atakaa na taa?"

"Yeye," mama akasema.

"Na nani amekaa ndani ya boksi?"

"Yeye."

"Basi mimi ninabisha nini? Mfungie."

Halafu yeye mwenyewe akanunua chemli kwa hela zake, ya kwenda nayo Zagayu. Alizishusha zote, akaziwasha moja baada ya nyingine, akazungusha tambi, akachungulia moto kupitia kioo. Mama mwenye duka sasa hakuwa akicheka tena. Baba akachagua moja ya bluu iliyokuwa na rangi iliyobanduka kidogo, akasema moto wake umetulia, zile nyingine zinahema. Nikasema sioni tofauti. Akaniambia hiyo ni kwa sababu mimi ni mtu wa vijiti.

Wakati wa kurudi alitembea polepole zaidi. Zile hatua kumi zikawa kama nne. Kila mmoja alibeba taa yake, na jirani yule wa mashine ya kusaga alitutazama tena, safari hii hakuuliza.

Alikaa mpaka mwanawe aliporudi Jumamosi, akapanda lori akaondoka, chemli imefungwa ndani ya shuka. Mume wangu akaniuliza siku zile tulikuwa tukiongea nini. Nikamwambia taa.

Na ile taa yangu? Ilinifaa. Nilisahihisha nayo madaftari mengi. Majirani waliuliza bei kweli, na wawili walinunua kama hiyo wakasahau kuichaji, wakanilaumu mimi. Lakini katika mwaka wa pili transfoma ya mtaani kwetu iliungua, tukakaa zaidi ya wiki bila umeme, na siku ya tatu taa yangu ilikuwa pambo la mezani. Nilienda dukani kwa yule mama kununua chemli. Alinihudumia bila kusema neno. Nilipofika mlangoni ndipo akaniuliza kama niletewe katoni. Hatimaye betri ya ile taa ikavimba, plastiki ikapasuka ubavuni, nikaitupa. Kufikia hapo nilikuwa na mtoto anayetambaa na kugusa kila kitu, kwa hiyo taa zote zilikuwa zimehamia juu ya kabati.

Kule Zagayu nilikuta hadithi imenitangulia. Nilipokwenda kwa mara ya kwanza baada ya mambo hayo, wanawake walinipokea wakicheka, wakauliza kama ndiye mimi niliyekaa ndani ya boksi kutwa nzima halafu nikamshinda mzee. Alikuwa ameisimulia mwenyewe, tena kwa kujivuna, kama mtu aliyenunua ng'ombe mzuri ingawa mnunuzi hakuwa yeye. Mama mkwe alinishika mikono yote miwili akanitazama sana, lakini hakuniuliza kitu.

Baba mkwe alitutembelea mara nyingi baadaye. Heshima zetu ziliendelea kama kawaida: hakula nami, sikumpita mbele, maji ya kunawa alipewa na mwanawe. Ila alipofika kwenye uzio wetu, badala ya kumwita mwanawe kama mababa wengine, alisimama pale na mzigo wake wa michembe akaita, "Mayu! Upo?" Nami popote nilipokuwa, hata mikono ikiwa na unga, niliitika kwa sauti, nikatoka.